MISTARI ILIYONYOOKA: Korogwe Kulikuwa na Tatoo Kabla Mashine Haijafika

Juzi kati hapa kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, aliposti tatoo mpya mkononi. Jina la mwanae limeandikwa kwa mwandiko wa kulala, na pembeni kuna ua. Watu wakavuta picha karibu. Aisee. Ule mstari ulikuwa unayumba kama barabara ya vumbi ya kwenda Kibirashi. Sehemu nyingine umevimba, sehemu nyingine umefifia mpaka hauonekani, na herufi ya mwisho imegeuka kama mnyoo.

Komenti zikagawanyika. Wa kwanza walikuwa wanamcheka fundi, hao sina shida nao. Ila wa pili ndo walionifanya nikae chini niandike hii. Walikuwa wanasema, "Ndo mjifunze, tatoo ni mambo ya wazungu, sisi Waafrika hatuna hizo." Tena mmoja kaandika kwamba yeye ni wa Korogwe na kwao hakuna mzee aliyewahi kujichora. Mimi nimekulia Manundu, hapo hapo Korogwe. Ndugu yangu, kama kwenu hakukuwa na mzee mwenye michoro, basi kwenye kambi ya mkonge ya jirani alikuwepo. Na mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya staa wetu.

Tuanze na mstari wenyewe, maana bila kuelewa kwa nini ni mgumu hutaheshimu waliouweza.

Ukimuuliza fundi yeyote wa tatoo anayejielewa nini kinamtofautisha aliyeanza jana na aliyeiva, hatakwambia kivuli wala rangi. Atakwambia mstari. Kivuli unaweza kukificha, rangi unaweza kuiongezea juu yake, ila mstari uliopinda unakaa pale kama shahidi. Shida ni kwamba ngozi sio karatasi. Ina tabaka la juu ambalo linajibadilisha lenyewe kila baada ya wiki kadhaa. Ukiweka wino hapo tu, mwezi ukiisha mchoro umetoka na magamba. Chini yake kuna tabaka la pili, na huko ndiko wino unapotakiwa kukaa, kama milimita 1 mpaka 2 kutoka juu. Ukizidisha, wino unatapakaa kama chai iliyomwagikia tishu, mstari unakuwa na ukungu wa bluu pembeni. Kwa hiyo fundi anatembea kwenye nafasi nyembamba kuliko ukucha, kwa mkono, juu ya kitu kinachopumua na kuruka kikisikia maumivu.

Na unajua kwa nini wino haufutiki? Mwili unauona kama adui. Seli za kinga zinakuja kuumeza, halafu zinashindwa kuusaga, zinabaki nao pale pale. Zikifa, nyingine zinakuja zinaumeza tena. Yaani tatoo yako ni vita ambayo mwili wako haujawahi kuimaliza.

Ndo maana anayeanza anatakiwa apige mistari mingi sana kabla hajagusa mtu. Kuna mchizi mmoja pale Korogwe, kinyozi, ambaye ameanza kujifunza. Mashine yake ni ya Kichina, ya bei ya chini, alichukua Kariakoo. Kwa miezi anachora maganda ya machungwa (Muheza hapo jirani machungwa hayaishi, kwa hiyo mazoezi ni bei chee), akahamia ndizi, akahamia ile ngozi bandia ya mpira. Anavuta mstari mrefu, anaweka mwingine pembeni kwa umbali ule ule, anaweka mwingine. Mkono hauchezi kwenye kiganja, unatembea kuanzia kwenye kiwiko au bega. Mkono wa pili unavuta ngozi ibane kama ngoma. Macho hayakodolei ncha ya sindano, yanaangalia kule mstari unakoelekea. Ukienda polepole mno mstari unatetemeka, ukienda kasi mno unaacha mapengo. Sasa yeye michoro anayofanyia mazoezi anaitoa Pinterest: simba mwenye taji, mawaridi, saa ya ukutani iliyopasuka, maandishi ya Kilatini asiyoyajua maana.

Nilipomwambia kwamba miaka sabini iliyopita, kilomita chache kutoka kwenye kiti chake cha kunyolea, kulikuwa na watu wanatembea na mistari sambamba usoni iliyochorwa kwa kisu na masizi, alifikiri namfunga kamba.

Haya, historia sasa. Sio ile ya kukariri kwa ajili ya mtihani wa Form Four.

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilikuwa miche 1,000. Njiani ikafa karibu yote, iliyofika Tanga hai ni 62. Hiyo 62 ndo ilianzisha kilimo cha mkonge unachokiona ukiwa kwenye basi kutoka Tanga mpaka Mombo. Reli nayo ikawa inasogea, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mashamba yakajipanga pembeni ya reli: Hale, Magunga, Ngombezi, na mengine kibao. Kama hujawahi kusimama katikati ya shamba la mkonge, nenda siku moja. Ni mistari tu. Mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka.

Tatizo la wenye mashamba lilikuwa watu. Mkonge una miiba, utomvu wake unawasha ngozi, na kazi inapimwa kwa mafungu: majani 30 fungu moja, na mafungu ya siku lazima yatimie. Wenyeji wetu, Wazigua, Wasambaa na Wabondei, kwa sehemu kubwa hawakutaka kazi ya kukata. Walikuwa na mashamba yao, walipendelea kuwauzia makambi mahindi na mihogo. Binafsi naona walikuwa wajanja. Kwa hiyo ikabidi watu waletwe kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Warundi, Wanyamwezi, Wabena. Wengine walikuja wenyewe kutafuta hela ya kodi. Wengine waliandikishwa kwa mkataba, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikaitwa SILABU. Walioletwa kwa mtindo huo ndo waliitwa manamba. Neno limetokana na namba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Na mkononi alikuwa na kipande, kadi ya siku 30 za kazi, siku ambayo hujamaliza mafungu yako haiandikwi.

Shika hilo neno namba, tutalihitaji.

Katika hao waliokuja, kuna kundi moja lililotoka mbali sana kusini, ng'ambo ya mto Ruvuma, nyanda za juu za Mueda kule Msumbiji. Walikuwa Wamakonde, ila huku kwenye mashamba walizoeleka kwa jina la Wamawia. Walikimbia kodi na kazi za lazima za Mreno. Wakavuka mto, wengine wakaishia mashamba ya Lindi na Mtwara, wengine wakapanda mpaka Tanga na Korogwe. Walipata sifa mbili. Ya kwanza, kwamba kwenye kukata mkonge hakuna wa kuwafikia. Ya pili, ukali, na hiyo naamini iliongezewa chumvi nyingi, maana mtu mgeni mwenye meno yaliyochongwa na uso uliojaa mistari ni rahisi kumtungia hadithi.

Sasa hiyo mistari ndo ilikuwa ya maana.

Wamakonde wanaita michoro hiyo dinembo. Hebu lisikilize hilo neno. Dinembo. Nembo. Ni neno lile lile unalolisikia kwenye nembo ya taifa, nembo ya kampuni, nembo ya timu. Kwenye Kiswahili cha zamani, kabla halijahamia kwenye mihuri na barua za ofisi, nembo ilikuwa alama inayochanjwa kwenye mwili wa mtu. Kulikuwa na tojo pia, na kitenzi chake kutoja, yaani kuchanja mwili alama. Na chale, ambalo bado tunalo. Lugha yetu ina maneno matatu ya zamani ya kitu ambacho mtu wa komenti anasema hatukuwahi kuwa nacho. Lugha haiwekagi maneno ya akiba kwa vitu visivyokuwepo.

Aliyefanya kazi hiyo aliitwa mpundi wa dinembo, fundi wa nembo. Hakuwa na sindano. Alikuwa na kisu kidogo cha chuma kiitwacho chipopo. Mchoro ulipangwa kwanza kwenye ngozi, halafu unakatwa kwa vimkato vifupi vifupi vinavyofuatana, damu inafutwa, ndipo masizi yanasuguliwa kwenye vidonda. Masizi yenyewe yalitokana na mbegu za mbarika, zile za nyonyo, zilizochomwa. Ndani ya ngozi nyeusi rangi inatokea bluu iliyokolea. Na hapa ndo penye somo kwa kinyozi wetu: haikuisha kwa mkao mmoja. Kidonda kinapona, mtu anarudi, mistari ile ile inafunguliwa tena juu ya makovu yake na kujazwa masizi. Mara mbili, mara tatu, wengine zaidi. Fikiria usahihi unaotakiwa kukata tena juu ya mstari wa zamani bila kutoka nje yake. Leo fundi akipitia mstari mara mbili na mashine, mstari unanenepa. Hawa walikuwa wanapitia kwa kisu na unabaki mwembamba.

Michoro ilikuwa ya aina gani? Sahau simba wenye taji. Ilikuwa pembe zilizopangana moja juu ya nyingine, mawimbi ya msumeno, mistari sambamba inayozunguka shavu, inayoshuka kidevuni, inayopanda paji la uso. Upande wa kulia na wa kushoto wa uso unalingana. Kifuani na mgongoni kwa wanaume, tumboni na mapajani kwa wanawake, ambao wengi walikuwa na ndonya juu ya mdomo vilevile. Wataalamu wa michoro watakwambia hakuna kitu kigumu kama mistari sambamba yenye pembe kwenye uso wa mtu, kwa sababu uso hauna sehemu bapa. Mstari mmoja ukitoka nusu milimita, jicho la anayetazama linauona papo hapo, maana jirani yake umenyooka.

Maana yake ilikuwa nini? Kubwa kuliko yote, kusema mimi ni Mmakonde. Kwenye ukanda ambao kwa miaka mingi ulikuwa unavamiwa na wafanyabiashara wa watumwa, kujulikana wewe ni wa nani halikuwa jambo la urembo tu. Halafu ushujaa: kijana au binti aliyevumilia alionekana ameshavuka utoto. Na urembo pia, tusijifanye haikuwepo. Watu walichorwa ili wapendeze na wapendwe, kama leo tu.

Sasa rudi kwenye kambi ya mkonge. Kwenye daftari la msimamizi huyu mtu ni namba. Jina lake limeandikwa vibaya au halijaandikwa kabisa. Kipande chake kinaweza kupotea, na kikipotea siku zake zimepotea. Ila usoni ana kitu ambacho Mreno wala msimamizi hakuandika na hawezi kukifuta. Mimi nikifikiria hilo huwa naishia kukaa kimya kidogo. Vitabu vya shule vilituambia kuhusu manamba, mishahara na kodi. Nyuso hazikutajwa.

Na wala sio Korogwe peke yake. Wamakonde wengine waliingia Kenya kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa kule Pwani. Wajukuu wao walikaa miaka na miaka bila vitambulisho. Mwaka 2016 wakatembea kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, wakapewa uraia, na baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Watu ambao babu zao walivaa kitambulisho usoni, wakadaiwa karatasi.

Tuhamie Handeni sasa, maana najua wa Handeni mmeshaanza kununa.

Handeni kwa Bongo nzima inajulikana kwa utani mmoja tu na sitaurudia. Ila ukiweka utani pembeni, chale za Uziguani zilikuwa na kazi tofauti kabisa na dinembo. Zilikuwa njia ya dawa. Mganga anachanja vimkato vidogo kifuani, mgongoni, kwenye viungo vya mikono na miguu au utosini, anapaka unga mweusi wa mizizi iliyochomwa. Lengo ni dawa iingie, mstari hauna umuhimu. Lakini masizi ni masizi, kikikauka kidonda kinabaki kidoti au kistari cheusi cha maisha. Hivi wangapi hapa mna vistari viwili kifuani mlivyochanjwa mkiwa wachanga na hamjawahi kuviita tatoo? Njoo na ndugu zetu Wamaasai wanaoishi huko huko Handeni, wengi wana ile alama ya mviringo kwenye kila shavu, hiyo inachomwa kwa moto. Ukishuka kwenye mnada wa ng'ombe unakutana na mbinu tatu za kuandika mwili kabla hujamaliza soda.

Kilichobadilisha hesabu ni wembe. Chipopo au kisu cha mganga kilitumika kwa watu wengi, na kwa karne nyingi watu hawakujua kinachobebwa na damu. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walipatikana Kagera. Kampeni zilizofuata, zile za mabango na redio, zilipiga kelele kuhusu ngono na zikapiga kelele kuhusu nyembe na vifaa vya kuchanjia: usichangie. Hapo chale zikapata pigo kubwa kuliko mahubiri yote.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa mafundi wapya, sio kwa kuwatisha. Virusi vya homa ya ini aina ya B ni wabishi kuliko vya UKIMWI. Vinaweza kukaa kwenye kitu kikavu siku 7 na bado vikaambukiza. Kwa hiyo ile ya "nimeifuta na spiriti, iko poa" haipo poa. Sindano ni ya mtu mmoja mara moja, inatupwa. Kikombe cha wino kinatupwa, wino uliobaki haurudi kwenye chupa. Glavu zinabadilishwa. Na fundi mwenyewe akachanje chanjo ya homa ya ini, ipo, dozi tatu. Mstari wako ukiwa umenyooka halafu mteja akaondoka na ugonjwa, hujachora chochote.

Sasa kuna watu wa tatu kwenye hii stori ambao huwa hawahesabiwi, na kwangu mimi ndo mabingwa wa mstari Korogwe nzima. Akina dada na mama wa hina.

Mhina unaota pwani yote. Majani yanakaushwa, yanatwangwa, yanalowekwa kwenye maji na ndimu, halafu bibi harusi anakalishwa. Zamani ilikuwa ni njiti au kijiti cha ufagio, siku hizi ni koni ya nailoni. Kuna dada mmoja hapo mjini, jina kapuni kama kawaida, anachora mguu wa bibi harusi kuanzia kidole mpaka karibu na goti bila kuchora kwanza kwa penseli. Maua, vishada, mistari myembamba kama uzi wa bui bui. Hana mashine na hajui hata kama anachofanya kinaitwa mazoezi ya mistari. Mstari wa hina ukikosea unaufuta na pamba kabla haujakolea, na ukikolea unatoka wenyewe baada ya wiki mbili tatu. Kwa fundi anayeanza, hakuna shule ya bei rahisi kama hiyo. Nimemwambia yule kinyozi akamwombe dada amfundishe, ananiangalia kama nimemtukana. Hina ni ya wanawake, anasema. Sawa, endelea na machungwa.

Ila piko, ile nyeusi ti, angalieni sana. Piko nyingi ni dawa ya nywele, ina kemikali ambayo kwenye ngozi inaweza kukuunguza, ukaota malengelenge na kubaki na kovu lenye umbo la ua. Hina halisi haiwi nyeusi kama lami. Wala usichanganye piko hiyo na mapiko ya Wamakonde, hiyo ni ngoma ya vinyago, ambayo nayo naifikia sasa hivi.

Kwa nini dinembo ilipotea? Sababu ziko nyingi na zilikuja pamoja. Wamisionari waliiona ni ushenzi. Shule zikawacheka watoto. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliua watu Mueda, vita ya ukombozi ikaanza Septemba 1964, na vijana ambao wangekuwa wanachanjwa wakawa porini na bunduki. Frelimo, ambayo ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, ilitaka taifa moja lisilo na ukabila, na baada ya uhuru wa 1975 alama za kabila usoni hazikuwa na nafasi kwenye mpango huo. Huku kwetu, mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, bei ikaporomoka kamba za plastiki zilipoingia sokoni, makambi yakaanza kubaki matupu. Wengine wakarudi Msumbiji, wengine wakabaki, wakaoa, wakazaa Waswahili wa Korogwe. Hao wazee hawakuwachanja watoto wao. Na ukifikiria walivyochekwa barabarani, utawalaumu?

Kinachochekesha ni tarehe. Mashine ya umeme ya tatoo ilisajiliwa New York mwaka 1891 na Samuel O'Reilly, ambaye aliitengeneza kwa kufuata kalamu ya umeme ya Thomas Edison ya mwaka 1876, kifaa cha kutoboa karatasi ili kunakili barua za ofisi. Miaka miwili baada ya mashine hiyo, miche ya mkonge ikashuka Tanga. Mashine ilichukua zaidi ya miaka mia kufika kwenye kiti cha kinyozi wa Korogwe, na ilipofika waliojua kuchora usoni bila umeme walikuwa wameshazikwa.

Na dharau haijaisha, imebadilisha nguo tu. Soma tangazo la ajira la Jeshi la Polisi au Uhamiaji, utakuta sharti kwamba mwombaji asiwe na alama za kuchora mwilini. Misikitini tatoo ya kudumu inakemewa, makanisani watakufungulia Mambo ya Walawi 19:28. Sibishani na dini ya mtu. Nasema tu kama una miaka 18 na unaitaka kazi ya gwanda, subiri kwanza, maana kuifuta ni gharama kuliko kuichora.

Turudi kwa kinyozi. Nilimwonyesha picha za zamani za Wamakonde kwenye simu. Akanyamaza muda mrefu, halafu akachukua ganda la ndizi akaanza kujaribu zile pembe, moja ndani ya nyingine, sita kwa mpangilio. Ya tatu ikagusa ya pili. Akatupa ganda. Akaanza lingine. Alirudia mpaka umeme ukakatika, na akakiri kwamba simba mwenye taji ni rahisi zaidi, kwa sababu kwenye manyoya ya simba ukikosea hakuna anayejua.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea kwake: je, anaruhusiwa kumchora mteja hizo? Yeye ni Msambaa. Maoni yangu ni haya, mnaweza kunipinga. Mazoezi kwenye ndizi, piga mpaka uchoke, hiyo ni heshima kwa waliotangulia. Ila kuuza uso wa Mmakonde kwa mtalii au kwa msela anayetaka kitu cha Kiafrika kwa ajili ya picha, hapana. Hiyo mistari ilikuwa na wenyewe, na wajukuu wa wenyewe wapo hapo mtaani, wanauza chipsi na kuendesha bodaboda. Mmoja wao akija kwenye kiti na picha ya babu yake akasema nataka hii begani, hapo ndo mkono wako uwe umeshaiva.

Na kama huna ndizi, Wamakonde wenyewe walikuwa na njia. Kwenye vinyago vya mapiko, ile ngoma ya jando, nyuso za mbao ziliwekewa dinembo pia. Ila mara nyingi hawakuzichonga. Walichukua nta ya nyuki, wakaivingirisha ikawa nyembamba kama uzi, wakaibandika kwenye shavu la mbao mstari kwa mstari. Ukipinda, unaubandua kwa ukucha, unaupasha moto kidogo kwenye vidole, unauweka tena.